Joto la Kericho na Madaftari ya Mvua

Utafiti wa mazingira unaofanywa katika vyuo vikuu, uwe wa misitu, mito, udongo, magonjwa au wanyamapori, hufika mahali ambapo mtafiti hana budi kujua mvua ilinyesha kiasi gani na joto lilikuwa nyuzi ngapi katika siku ambazo yeye mwenyewe hakuwapo. Mti uliopimwa vibaya hupimwa tena, na sampuli ya udongo iliyomwagika huchukuliwa nyingine, lakini mvua ya mwaka 1974 ambayo haikupimwa, au iliyopimwa ikaandikwa katika daftari lililokuja kuozea stoo, haitapimwa tena na mtu yeyote. Kwa sababu hiyo mwanasayansi wa mazingira humtegemea mtu asiyemjua, yaani mpimaji aliyekwenda kituoni saa tatu kila asubuhi kwa miaka mingi, na humtegemea pia yule anayeshika ufunguo wa kabati yalimowekwa madaftari ya mpimaji huyo. Namna ufunguo huo unavyotumika huamua kasi ya utafiti na, mara nyingine, huamua hata jibu litakalopatikana, jambo ambalo katika Afrika Mashariki lilidhihirika katika mabishano ya karibu muongo mzima kuhusu joto la Kericho.

Kericho iko katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, kwenye kimo cha takriban meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na inajulikana kwa mashamba yake makubwa ya chai. Ubaridi wa huko ulikuwa kinga dhidi ya malaria, kwa kuwa kimelea kinacholeta malaria kali, Plasmodium falciparum, hakina budi kukua ndani ya mwili wa mbu kabla hakijaweza kumwambukiza mtu, na joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi za Selsiasi ukuaji huo huwa wa polepole mno hata mbu hufa kabla haujakamilika. Mahali ambapo wastani wa joto unakaribia mpaka huo, tofauti ya nusu nyuzi, ambayo mkazi wa Mombasa asingeihisi, inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya msimu wenye wagonjwa wachache na msimu ambao wodi zinajaa. Katika miaka ya 1980 na 1990 malaria ilirejea kwa nguvu katika nyanda hizo, na kumbukumbu za wagonjwa zilizotunzwa kwa miaka mingi katika mashamba ya chai zilionyesha ongezeko hilo pasipo shaka. Kilichobishaniwa kilikuwa sababu yake: wapo walioliona kuwa tokeo la kuongezeka kwa joto, na wapo waliosema kwamba vimelea vilikuwa vimekwisha kuwa sugu kwa dawa ya klorokwini, ambayo wakati huo ndiyo iliyotegemewa kila mahali.

Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliochunguza sehemu nne za nyanda za juu, yaani Kericho, Kabale nchini Uganda, Gikongoro nchini Rwanda na Muhanga nchini Burundi, wakahitimisha kwamba katika takwimu za kati ya 1911 na 1995 halikuonekana badiliko la maana la joto ambalo lingeweza kuelezea kurejea kwa malaria. Takwimu walizotumia hazikutoka moja kwa moja katika vipimajoto vya sehemu hizo nne, bali katika gridi iliyotengenezwa na kitengo cha utafiti wa tabianchi cha Chuo Kikuu cha East Anglia nchini Uingereza. Gridi ya namna hiyo ni ramani iliyogawanywa katika miraba, na kila mraba hupewa thamani moja ya joto au ya mvua kwa kila mwezi, ambayo hupatikana kwa kukadiria kutokana na vituo vilivyo karibu, na pale ambapo vituo vya karibu havipo, kutokana na vilivyo mbali. Mraba mmoja wa gridi hiyo una upande wa nusu digrii, yaani kilometa 55 hivi, na katika nchi tambarare ukubwa huo haudhuru sana. Magharibi mwa Kenya si nchi tambarare. Mtu akiteremka kutoka mashamba ya chai ya Kericho kuelekea uwanda wa Kano na mji wa Kisumu hushuka zaidi ya meta 800, na kwa kuwa joto hupungua takriban nyuzi sita kwa kila meta 1,000 za kupanda, miraba inayofunika mteremko kama huo huchanganya katika wastani mmoja mahali ambapo malaria ni ya kila siku na mahali ambapo ilikuwa nadra.

Kasoro hiyo ilitajwa mwaka huohuo, katika jarida lilelile, na Jonathan Patz na wenzake, waliosema kwamba gridi haikufaa kujibu swali la mahali padogo penye milima. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake waliichukua tena gridi hiyohiyo, wakiwa na takwimu zilizofika hadi 2002 na mbinu tofauti za kitakwimu, wakaona ongezeko la joto katika sehemu zote nne. Msomaji wa nje angeweza kustaajabu kwamba watu wenye ujuzi wa hali ya juu walibishana miaka yote hiyo kuhusu joto la mji ambao una kituo chake cha hali ya hewa, chenye kipimajoto ndani ya kasha jeupe la mbao na mtu wa kukisoma. Mwaka 2011 ndipo Judy Omumbo na wenzake, kwa kushirikiana na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, walipochapisha katika jarida la Malaria Journal uchambuzi wa takwimu za kila siku za kituo cha Kericho chenyewe, kuanzia Januari 1980 hadi Desemba 2009, ambazo zilikuwa zimehakikiwa ubora wake na zilikuwa kamili kwa zaidi ya asilimia 97. Joto la juu la mchana, joto la chini la usiku na wastani wake, yote matatu yalionekana kupanda kwa takriban nyuzi 0.2 katika kila miaka kumi.

Haifai kuyasoma matokeo hayo kama ushindi wa upande mmoja, kwa sababu kuthibitisha kwamba joto lilipanda si kuthibitisha kwamba joto pekee ndilo lililorudisha malaria, na usugu wa klorokwini ulikuwa jambo la kweli lililoua watu. Haifai pia kuwalaumu waliotumia gridi, ambao walitumia kile ambacho mtu yeyote duniani angeweza kukipata bila kuomba ruhusa. Linaloonekana ni kwamba swali la iwapo Kericho imepata joto au haijapata, ambalo lilipaswa kuwa hatua ya kwanza ya utafiti, lilimeza nguvu za watafiti wa mabara matatu, wakati jibu lilikuwa limeandikwa siku baada ya siku mahali palepale palipobishaniwa.

Wapo wanaodhani kwamba jambo hili limepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi mwanafunzi mwenye intaneti anaweza kujipatia bila malipo takwimu za mvua za kila kona ya Afrika. Ni kweli kwamba hazina hiyo ipo na ni kubwa. CHIRPS, inayotengenezwa katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, hukadiria mvua ya kila siku tangu 1981 katika miraba ya kilometa tano hivi. TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, hufanya kazi kama hiyo kwa bara la Afrika tangu 1983. Na ERA5, inayotolewa na kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, huunda upya hali ya anga ya dunia nzima, saa kwa saa, kuanzia 1940. Tasnifu nyingi za uzamili zinazoandikwa leo katika vyuo vya Afrika Mashariki zisingewezekana pasipo hazina hizo, na aliyezifungua amewatendea wema wanafunzi ambao hatawaona kamwe.

Hata hivyo setilaiti haipimi mvua kama kipimamvua kinavyopima. Aina inayotumika zaidi katika kazi hii hupima ubaridi wa kilele cha wingu, kwa kuwa wingu la ngurumo hupanda juu sana na kilele chake huwa baridi kupindukia, na kutokana na muda ambao ubaridi huo umedumu hukadiriwa mvua iliyonyesha chini. Njia hiyo hufaa pale ambapo mvua huletwa na mawingu marefu, lakini hukosea kwenye pwani na kwenye miteremko ya milima kama Uluguru na Usambara, ambako upepo wa bahari unaposukumwa juu na mlima hutoa mvua nyingi kutoka katika mawingu mafupi ambayo vilele vyake si baridi kiasi hicho. Makosa hayo hurekebishwa kwa vipimo vya vituo vya ardhini, na hapo ndipo penye kinaya: vituo vya Afrika Mashariki ambavyo takwimu zake hufika kwa watengenezaji wa hazina hizo ni vichache, na vimezidi kupungua tangu miaka ya 1980, ama kwa sababu vilifungwa, ama kwa sababu vipo na vinapima lakini takwimu zake hazitoki nchini. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mjini Morogoro, anayechunguza mmomonyoko wa udongo katika milima anayoiona kutoka dirishani, anaweza basi kujikuta akipakua kutoka California makadirio ya mvua ya milima hiyo, yaliyokadiriwa vibaya kwa kukosa vipimo ambavyo huenda vimo katika ofisi iliyo mwendo mfupi kutoka chuoni kwake. Takwimu za bure za ng'ambo hazikuondoa haja ya kufungua takwimu za nyumbani. Ziliiongeza, kwa sababu sasa kituo kimoja kikifunguliwa hunufaisha kila anayetumia gridi inayokizunguka.

Zaidi ya hayo, kupungua kwa vituo huweza kuzua mabadiliko ya tabianchi ambayo hayakutokea. Kituo cha mlimani penye mvua nyingi kikiacha kuleta taarifa, wastani wa eneo lake hushuka hata kama mawingu hayajabadilika, na mtafiti asiyejua historia ya kituo hicho anaweza kuandika kwamba nchi inakauka. Swali hili si la kubuni, kwa kuwa wanasayansi wamekuwa wakikabiliana na kile wanachokiita kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki: masika, yaani mvua za Machi hadi Mei, zilielekea kupungua tangu miaka ya 1980 hadi mwishoni mwa miaka ya 2000, ilhali programu nyingi za kompyuta zinazobashiri tabianchi husema kwamba mvua za eneo hili zitaongezeka. Miongoni mwa mambo ya kwanza yaliyobidi kuchunguzwa katika kukitegua kitendawili hicho ni iwapo upungufu wenyewe ulikuwa wa mvua au wa takwimu.

Ziwa Viktoria huonyesha upande mwingine wa jambo hilihili. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia katika ziwa hilo, ambalo lina eneo la zaidi ya kilometa za mraba 68,000, ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana katikati ya maji. Vipimamvua viko ufukoni na visiwani. Kwa upande wa kina, mambo ni tofauti, kwani kina cha ziwa kimepimwa huko Jinja tangu 1896, na mfululizo huo wa vipimo umeenea kwa watafiti kiasi kwamba kila mtaalamu wa maji wa ukanda huu huufahamu. Ndiyo maana ziwa lilipofurika Mei 2020, likaikaribia na kuipita kidogo rekodi ya Mei 1964, haikuchukua muda kulinganisha mafuriko hayo mawili na kuyahusisha na mvua kubwa za vuli zilizoyatangulia, za 2019 na za 1961. Mfululizo mmoja wa namba, uliotunzwa na kusomeka, umezaa utafiti mwingi kuliko mamia ya madaftari ya mvua ambayo hayajawahi kuingizwa katika kompyuta.

Neno kupatikana linahitaji kufafanuliwa hapa, maana takwimu zinaweza kutolewa bure na bado zisitumike. Jumla ya mwezi, ambayo ndiyo hutolewa kwa urahisi zaidi, humwambia mtafiti wa udongo kwamba Aprili ilipata milimita 120, yaani lita 120 kwa kila meta moja ya mraba, lakini haimwambii kama zilinyesha milimita nne kwa siku, zikanywewa na ardhi taratibu, au kama zilishuka katika dhoruba mbili zilizobeba udongo wa juu hadi mtoni. Nafasi iliyoachwa tupu katika jedwali inaweza kumaanisha kwamba mvua haikunyesha au kwamba mpimaji alikuwa msibani, na mvua kubwa ya kila Jumatatu katika baadhi ya vituo si siri ya anga, bali ni mvua ya Jumapili na ya Jumamosi iliyosubiri mtu arudi kazini. Mvua inayosomwa saa tatu asubuhi ni ya saa 24 zilizotangulia, na vituo vingine huiandika kwenye tarehe ya kusomwa, vingine kwenye tarehe ya jana yake, hivyo anayelinganisha kituo na setilaiti bila kujua desturi ya kituo huweza kuona kosa ambalo halipo. Kasha la kipimajoto likihamishwa meta mia chache kuteremka mlima, joto la kituo hupanda siku moja na halishuki tena. Taarifa za namna hii, yaani kituo kilikuwa wapi, kilihamishwa lini, kifaa kilibadilishwa mwaka gani, ni sehemu ya takwimu zenyewe, na bila hizo hata kazi iliyofanywa Kericho isingeaminika.

Uchache wa takwimu una historia. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1929 ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kila nchi ilibaki na idara yake, vituo vyake na sehemu yake ya kumbukumbu. Nchini Rwanda mauaji ya kimbari ya 1994 yaliuharibu mtandao wa vituo kwa namna ambayo ulihitaji zaidi ya muongo mmoja kujengwa upya, na pengo hilo limezibwa kwa kuchanganya vipimo vichache vilivyosalia na makadirio ya setilaiti, kazi iliyofanywa na wataalamu wa nchi hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani. Njia hiyo ya kuchanganya, iliyotumika pia Ethiopia, Tanzania na Kenya, inastahili kusifiwa, kwani inaiwezesha idara ya taifa kutumia hata vituo ambavyo haiko tayari kuvitoa nje kimojakimoja.

Idara za hali ya hewa zina hoja zake, na wanavyuo huzisikiliza kwa nadra. Kituo kinahitaji mshahara wa mpimaji, vifaa, uzio na usafiri, na serikali nyingi za Afrika zimezitaka idara hizo zijitafutie sehemu ya mapato yake kwa kuuza huduma, hasa kwa mashirika ya ndege na kampuni za ujenzi, kisha zinashangaa idara zikichelea kutoa bure kile zilichoambiwa zikiuze. Azimio namba 40 la Shirika la Hali ya Hewa Duniani, la mwaka 1995, lilijaribu kutenganisha mambo hayo mawili kwa kutaka utafiti na elimu visivyo vya kibiashara vipewe bila malipo data zinazobadilishwa baina ya nchi chini ya shirika hilo, na sera mpya iliyopitishwa Oktoba 2021 imeongeza orodha ya data ambazo kila nchi inapaswa kuzitoa. Mtandao wa msingi unaoambatana na sera hiyo unalenga kituo kimoja katika kila kilometa 200, umbali unaotosha kulisha programu za utabiri wa dunia, lakini ambao ungeweza kuiruka Kericho yote pamoja na Kisumu.

Kuhusu mapato, mfano wa Landsat una uzito. Picha hizo za setilaiti za Marekani ziliuzwa kwa mamia ya dola kila moja, na katika mwaka wa mauzo bora kabisa, 2001, zilinunuliwa takriban 25,000. Zilipotolewa bure kuanzia 2008, idadi iliyopakuliwa kwa mwaka ilipita milioni mbili kufikia 2010. Wengi wa waliopakua hawakuwa wateja waliokwepa kulipa, bali watu ambao kwa bei ya awali wasingefanya utafiti wowote. Ada ya takwimu za kituo inayoonekana ndogo kwa kampuni inayojenga bwawa ni kikwazo kamili kwa mwanafunzi wa uzamili anayehitaji vituo ishirini vya miaka thelathini, naye hataleta mapato, atabadilisha mada.

Vyuo vikuu navyo havina mikono safi kabisa. Miradi ya utafiti husimika vituo vyake vya kujiendesha misituni na mashambani, hupima kwa miaka mitatu au minne hadi fedha za mfadhili ziishe, na takwimu hubaki katika kompyuta ya mwanafunzi aliyekwisha hitimu na kuondoka. Mtandao wa TAHMO, ulioasisiwa na wanasayansi wa Uholanzi na Marekani kwa lengo la kuweka vituo 20,000 barani Afrika, umechagua njia nyingine kwa kusimika vituo vingi katika shule, ambako walimu huvilinda na kuvitumia kufundishia, huku idara za taifa zikipewa takwimu. Chuo kingeweza kufanya mengi kwa gharama ndogo kama kingeagiza kwamba tasnifu yoyote iliyopima hali ya hewa isipitishwe mpaka vipimo vyake, pamoja na maelezo ya kituo, viwe vimewekwa maktaba na nakala kupelekwa katika idara ya hali ya hewa ya nchi. Agizo hilo lingehusu pia mwanafunzi aliyepewa takwimu na idara, akatumia miezi kusahihisha tarehe zilizoteleza na kutenganisha sifuri na nafasi tupu; toleo lake lililosahihishwa, ambalo kwa kawaida hupotea, lingeirudia idara iliyompa, na maafisa wanaosita kufungua makabati wangekuwa na kitu mkononi cha kuwaonyesha wakuu wao wanapoulizwa idara imepata nini kwa kutoa bure.